Gofu haina refa wa kukukumbusha, ukijisahau imekula kwako

SHABIKI wa soka akikaa mbele ya televisheni kuangalia gofu, swali lake la kwanza huwa moja tu: refa yuko wapi? Hakuna mwenye filimbi, hakuna kadi ya njano wala nyekundu, na hakuna cha VAR wala nini. Kwenye mashindano makubwa marefa wapo, lakini kazi yao ni kusubiri waitwe. Refa wa kwanza ni mchezaji mwenyewe.

Raha ya gofu iko hapo, na machungu yake pia. Roberto De Vicenzo wa Argentina aliyajua machungu hayo Aprili 14, 1968, siku aliyokuwa anatimiza miaka 45. Ilikuwa raundi ya mwisho ya Masters, moja ya mashindano manne makubwa zaidi ya gofu duniani, yanayochezwa Augusta, jimbo la Georgia, Marekani.

De Vicenzo hakuwa wa kubahatisha. Mwaka mmoja kabla alikuwa amebeba taji la British Open. Siku hiyo alicheza gofu ya hatari, akamaliza raundi kwa mikwaju 65 na kufikisha jumla ya 277, sawa na Mmarekani Bob Goalby. Kwa utaratibu wa wakati ule, wawili hao walitakiwa kurudiana kesho yake kwa mashimo 18.

Hawakurudiana. Kuelewa kwa nini, kwanza ujue gofu inahesabiwaje.

PAA, BEDI NA NDEGE WENGINE

Kwenye soka mkwaju ni ule wa penalti. Kwenye gofu kila pigo ni mkwaju, na hesabu yake iko kinyume na mabao: mwenye namba ndogo ndiye mshindi. Ukisikia mmoja kapiga 68 na mwenzake 75, wa 68 ndiye mbabe.

Uwanja kamili una mashimo 18. Kila shimo lina eneo la kuanzia, linaloitwa tii, na mwisho wake kuna griini, sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye bendera na tundu lenye upana wa milimita 108 tu. Katikati yake ni feawei, njia ya nyasi zilizokatwa vizuri. Ukitoka nje ya njia hiyo unakutana na nyasi ndefu, miti, maji au banka, yaani shimo la mchanga.

Kila shimo lina idadi ya mikwaju ambayo mchezaji bora anatarajiwa kuitumia. Idadi hiyo inaitwa paa, na haihusiani na paa la nyumba. Shimo fupi ni paa 3, la kati paa 4 na refu paa 5. Augusta, ukijumlisha mashimo yote, ni paa 72.

Chukua shimo la paa 4. Ukimaliza kwa mikwaju minne, umepata paa. Kwa mitatu ni bedi. Kwa miwili ni igo, yaani tai. Ukiwa chini ya paa kwa mikwaju mitatu ni albatrosi, na ndege huyo haonekani ovyo. Ukizidisha mkwaju mmoja ni bogi, ukizidisha miwili ni dabo bogi. Ukitumbukiza kwa pigo la kwanza, jiandae kutoboka mfuko, maana desturi ya klabu nyingi ni kwamba aliyefunga ndiye anayewanunulia wenzake vinywaji.

Sasa ukiona kwenye runinga jina la mchezaji limeandikiwa -11, huna haja ya kumuuliza mtu. Yuko mikwaju 11 chini ya paa. Raundi nne za Augusta ni paa 288, na De Vicenzo alikuwa na 277. Hesabu imekamilika.

KALAMU ILIPOMALIZA MECHI

Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, mchezaji haandiki mwenyewe namba zake kwenye kadi. Anayecheza naye ndiye anayemwandikia. Raundi ikiisha, mwenye kadi anaikagua shimo kwa shimo, anasaini, anaikabidhi. Akishaikabidhi, mlango umefungwa.

Kwenye shimo la 17, ambalo ni paa 4, De Vicenzo alipata bedi. Mikwaju mitatu, mashabiki wakiona kwa macho yao. Tommy Aaron, aliyekuwa akicheza naye, akaandika nne. De Vicenzo akasaini bila kuliona kosa hilo.

Kanuni haikuwa na huruma, na mpaka leo iko hivyo. Ukisaini namba kubwa kuliko uliyopiga kwenye shimo, inabaki hiyo hiyo kubwa. Ukisaini ndogo kuliko uliyopiga, kwa kawaida unaondolewa kwenye mashindano. Basi 65 yake ikasomeka 66, na 277 ikawa 278. Goalby akawa bingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja ambao haukupigwa. De Vicenzo hakumtupia lawama Aaron, alijilaumu mwenyewe.

KUJIPULIZIA FILIMBI

Kwenye Dabi ya Kariakoo mpira ukitoka nje, wachezaji wa pande zote mbili wananyoosha mikono kudai ni wa kwao. Ndiyo soka, na hakuna anayeshangaa.

Mwaka 1925, kwenye US Open iliyochezwa Worcester, Massachusetts, Mmarekani Bobby Jones alikuwa kwenye nyasi ndefu akijiandaa kupiga. Mpira ukacheza kidogo. Hakuna ofisa aliyeona. Jones akasema umecheza, akajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu. Baada ya mashimo 72 akajikuta yuko sawa na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akapoteza taji. Bila mkwaju ule asingehitaji marudiano.

Jones huyo huyo ndiye mmoja wa waanzilishi wa Masters, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1934. Mashindano yaliyomliza De Vicenzo yaliasisiwa na mtu aliyewahi kujipulizia filimbi mwenyewe.

KANUNI ZA KUANZIA

Fimbo ni 14, basi. Ukibeba zaidi, unaadhibiwa. Ian Woosnam wa Wales, bingwa wa Kenya Open mwaka 1986, aliingia siku ya mwisho ya British Open mwaka 2001 akiwa miongoni mwa vinara. Shimo la kwanza, paa 3, nusura aliingize kwa pigo moja, akapata bedi. Alipofika tii ya pili, kedi wake, yaani mbeba fimbo, akamwambia kwenye mfuko kuna fimbo 15. Adhabu ikawa mikwaju miwili. Bedi ikageuka bogi, na Woosnam akamaliza akifungana na wengine kwenye nafasi ya tatu. Kuhesabu kwenye gofu kunaanza kabla hujapiga mpira.

Piga mpira ulipo. Umelala kwenye nyasi mbaya au nyuma ya mti? Pole, ndiyo umeangukia hapo. Ukiona haupigiki, unaweza kuusogeza kwa utaratibu maalumu, kwa kulipa mkwaju mmoja. Kwenye griini unaruhusiwa kuweka alama, kuuokota na kuufuta.

Mpira ukipotea, una dakika tatu za kuutafuta. Usipoonekana, au ukivuka vigingi vyeupe vya mpaka, unarudi ulikopigia na kuongeza mkwaju mmoja wa adhabu. Ukiingia majini, mkwaju mmoja pia, ila unaweza kuangusha mpira mwingine karibu na hapo ulipoingilia. Ndani ya banka, usijaribie fimbo yako kwenye mchanga kabla ya kupiga. Hiyo ni mikwaju miwili.

Hendikapu ndiyo inayomfanya anayeanza leo acheze na mkongwe bila kuonewa. Ni idadi ya mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako, kama vile timu ya daraja la chini ipewe mabao ya kuanzia inapokutana na Simba. Mwenye hendikapu 18 akipiga 90, matokeo yake ya neti ni 72. Mkongwe mwenye hendikapu 4 akipiga 78, neti yake ni 74. Kwa neti, anayejifunza kashinda.

Halafu adabu. Mwenzako akiwa anapiga, kaa kimya na usitembee. Mpira wako ukielekea kwenye watu, piga kelele, "Foo!" Na wewe ukiisikia, usigeuke kuangalia unatokea wapi. Inama, ziba kichwa.

KWA ANAYETAKA KUONJA

Viwanja havipo Ulaya na Marekani tu. Dar es Salaam kuna Lugalo, uwanja wa jeshi, na kuna Gymkhana. Nairobi kuna Muthaiga na Karen, ambavyo vyote vimewahi kuandaa Kenya Open.

Ukiangalia Kenya Open au Masters ijayo, mpira wa mwisho ukitumbukia usikimbilie kubadili chaneli. Wachezaji watavua kofia, watapeana mikono, kisha watakwenda kukaa na kadi zao kuzisoma shimo moja moja. Wakati huo matokeo bado. Yatakuwa rasmi wakishasaini na kuzikabidhi.