Ajali Yenye Kinga: Nyumba ya Mtoto Mchanga na Uchovu wa Wazazi

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huu huwaliwaza waliofikwa na msiba, lakini ukifanywa kanuni ya malezi huweza kuwa hatari wenyewe. Ajali nyingi zinazowapata watoto wachanga nyumbani, kama vile kuungua, kunywa mafuta ya taa, kuzama majini na kuanguka, hutokea kwa njia zinazojulikana na zinazoweza kuzibwa. Linalosahauliwa aghalabu ni kwamba mlinzi wa mtoto huyo ni mzazi ambaye hajalala. Hivyo basi, usalama wa nyumba na uchovu wa wazazi ni suala moja wala si mawili.

Mtoto aliyezaliwa karibuni hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, ila usingizi wake huja vipande vipande. Tumbo lake ni dogo, naye hunyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku. Kila aamkapo, mama huamka pia. Uchunguzi wa wanasayansi wa Australia uliochapishwa mwaka 1997 ulidhihirisha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa kutenda sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Mtu wa hali hiyo haitoshi kumhimiza awe makini. Yafaa nyumba yenyewe ipangwe namna ambayo mzazi akipitiwa na usingizi, mtoto hatadhurika.

Matayarisho hayo yafanywe kabla mtoto hajaweza kusogea. Aghalabu mtoto huanza kujigeuza akiwa na miezi minne au mitano, hukaa kwenye miezi sita, hutambaa kati ya mwezi wa saba na wa kumi, kisha husimama dede kwa kushikilia chochote kilicho karibu. Njia rahisi ya kuzitambua hatari ni mzazi kupiga magoti na kuitazama nyumba kwa kimo cha mtoto. Hapo ataona yasiyoonwa na aliyesimama: pindo la kitambaa cha meza linaloning'inia, waya wa pasi, sarafu chini ya kochi, betri ndogo ya saa. Betri hiyo ikikwama kooni huweza kulichoma kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto akiimeza apelekwe hospitalini mara moja.

Hatari huzidi katika chumba cha kupanga ambamo jiko na kitanda hutenganishwa na pazia tu. Jiko liwekwe pembeni na kuzungushiwa kizuizi kisichoweza kusukumwa na mtoto. Maadamu sufuria za kawaida hazina mpini, ni hatari kuipua chakula huku mtoto akitambaa miguuni. Mtu mwingine amshike kwanza. Kikombe cha chai ya moto kisishikwe na aliyempakata mtoto. Kadhalika, mafuta ya taa yasitiwe katu katika chupa ya soda, kwani mtoto huona soda wala haoni mafuta. Ndoo na karai zimwagwe au zifunikwe barabara, kwa kuwa maji ya kina cha sentimita chache tu yatosha kumzamisha.

Usiku una mambo yake. Jiko la makaa lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtoto alazwe chali juu ya godoro lisilobonyea, pasipo mto wala mablanketi mazito, na chandarua kikiwa kimechomekwa vizuri. Mama anayesinzia asinyonyeshe akiwa kwenye kochi, maana ni rahisi mtoto kubanwa hapo na kukosa pumzi.

Iwapo madhara yametokea licha ya hadhari zote, palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia havifai. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa sababu yakirudi huweza kuingia mapafuni, akimbizwe hospitalini.

Hata hivyo, nyumba iliyopangwa vyema haiondoi haja ya usingizi. Mkono mmoja haulei mwana. Katika jamii za Waswahili wa pwani, mzazi hukaa ndani siku 40, akikandwa, akipikiwa na kuhudumiwa na jamaa zake. Desturi hiyo ilitambua kwamba anayelea naye hulelewa. Mjini, jamaa wako mbali. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba majuma mawili, kwa mshahara kamili, lakini kibarua na mchuuzi hawaonji matunda yake. Kwa hivyo wazazi wagawane usiku: mmoja alale saa nne au tano pasipo kuamshwa, kisha wapokezane. Mgeni ajaye kumwona mtoto aombwe bila haya afue nepi au ateke maji, mama apate kujinyoosha.

Mtoto akilia pasi na kunyamaza na mzazi akahisi hasira zikimpanda, amlaze mahali salama, atoke nje kidogo avute pumzi. Asimtikise kamwe, kwani kutikiswa huweza kuuumiza ubongo. Huzuni ya mama ikizidi majuma mawili, au akipata fikira za kujidhuru au kumdhuru mwana, hilo si deko wala udhaifu. Ni maradhi yanayotibika, na kliniki anakopeleka mtoto kuchanjwa ndipo pa kuanzia. Hapo tena aandamane na baba, maana aliyechoka hivyo si wa kuachwa aende peke yake.