Shilingi 300 kwa Ekari, Zikilipwa Shule Zinapofunguliwa

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ina ua upande wa kaskazini, mashariki na magharibi. Kusini iko wazi. Huko ndiko nyumbu na pundamilia huvuka mto kuingia malisho ya Kitengela, na simba huwafuata nyuma. Nyasi wanazokula ni za mwenye shamba, na simba akikosa pundamilia huingia zizini. Mnamo Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela baada ya kushambulia mifugo.

Kwa miaka mingi wafugaji waliambiwa kwamba wanyamapori ni urithi wa taifa. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayalipi karo.

Mwaka 2000, shirika la Marafiki wa Mbuga ya Nairobi lilianza kulipa. Mwenye ardhi aliyekubali kutoweka ua, kutogawanya shamba lake na kusaidia kuzuia uwindaji haramu alipewa takriban shilingi 300 kwa kila ekari kwa mwaka. Mifugo yake iliendelea kulisha papo hapo. Mpango huo ulianza na familia chache tu, ukafikia zaidi ya 100.

Kiasi hicho si kikubwa. Ekari 100 zilileta shilingi 30,000 kwa mwaka. Kilichowavutia watu ni siku ya malipo: fedha zilitolewa kwa awamu tatu, Januari, Mei na Septemba, shule zinapofunguliwa. Kila mfugaji anajua Januari ilivyo. Karo inadaiwa, majirani wote wanapeleka mbuzi sokoni, na mnunuzi anajitajia bei. Familia iliyopokea shilingi 10,000 wiki hiyo iliweza kubakisha mbuzi kadhaa nyumbani. Ukame ulipokuja, kama ule wa 2009 uliomaliza ng'ombe wengi Kajiado, malipo ya ekari hayakukonda pamoja na mifugo.

Mpango ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, fedha zilitegemea wafadhili, na mfadhili ana mwisho wake. Ya pili ni nzito zaidi. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa miaka ya 1980, kila familia ikapata hati yake. Viwanda vya Athi River vikaja, barabara ya Namanga ikajaa nyumba, na ploti ya futi 50 kwa 100 ikawa na bei ambayo shilingi 300 haziwezi kuikaribia hata zikilipwa maisha yote. Kwa familia iliyo kando ya lami, kukodisha lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwa iliyo mbali, kwenye nyanda ambako madalali hawajafika, hesabu ilikuwa tofauti, na huko ndiko ekari nyingi zilikobaki bila ua.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 sasa inawaruhusu wenye ardhi, mmoja mmoja au kwa kikundi, kusajili hifadhi zao wenyewe. Bei ya kila ekari, na siku ya kulipwa, bado ni ya kujadiliana.