Historia ya Ndege Zetu Isipotee

Kijana wa Chalinze, mji wa njia panda ya malori na mabasi, leo aweza kuketi mbele ya kompyuta akajifunza kuirusha ndege ya VC10. Wapenda ndege wa ng'ambo wameiunda upya katika programu ya mchezo wa urubani, nao huigawa bure.

Ndege hiyo si ngeni kwetu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilikuwa na Super VC10 tano. Ya mwisho, iliyosajiliwa Tanzania kwa alama 5H-MOG mwaka 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa duniani. Baadaye ilichukuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza, ikawa ya kujazia ndege nyingine mafuta angani hadi mwaka 2013. Sasa imehifadhiwa Dunsfold, Uingereza.

Hatuwalaumu waliohifadhi, twawashukuru. Lakini programu ya namna hiyo haiundwi kwa ndoto. Huhitaji vitabu vya marubani, vipimo vya uzito na mwendo, na picha za chumba cha rubani. Je, kumbukumbu za Dakota na Friendship zilizowavusha wananchi kati ya Unguja na bara ziko wapi? Nyingine huenda zimo masandukuni mwa wastaafu, na mchwa hawangoji vikao.

Hivyo basi, wakuu wa usafiri wa anga na wa makumbusho, bara na visiwani, hawana budi kuzikusanya mapema, wakawakabidhi vijana nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari.