Kahawa na Mbio Fupi

Siku ya michezo inakaribia, na vijana wa madarasa ya chini wamekwisha anza kuniuliza ni vikombe vingapi vya kahawa vinavyotosha kumpa mtu mbio. Hunijia mimi kwa sababu ya mambo ya mwaka jana.

Mwaka ule nilikuwa nikimbie mita 100 kwa ajili ya bweni letu. Usiku wa kuamkia mashindano nilikunywa kahawa nzito vikombe vitatu, na asubuhi viwili tena. Sikupata hata lepe la usingizi. Mstarini mikono ilinitetemeka, nami nikachomoka kabla ya filimbi. Nilitolewa, na bweni letu likakosa ushindi kwa alama moja. Vikombe vitano nilikunywa, kimoja nikakipoteza! Wenzangu hawakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi, kahawa hufanya nini mwilini? Ndani yake mna kafeini. Kadiri mtu anavyokaa macho, ubongoni hukusanyika kitu kiitwacho adenosini, ambacho huleta uchovu kwa kuingia mahali pake maalumu, mfano wa ufunguo katika kufuli. Kafeini huziba tundu la kufuli hilo bila kulifungua. Uchovu upo, ila habari zake hazifiki. Kwa hiyo faida yake huonekana wazi zaidi katika mbio ndefu. Katika mita 100 mtu huwa amefika kabla uchovu haujamshika sawasawa.

Walakini si kweli kwamba haisaidii kabisa. Wataalamu waliowapima watu wakikanyaga baiskeli kwa nguvu zote kwa sekunde 30 waliona nguvu ikizidi kama asilimia 3, tena si kwa kila mtu. Kipimo chao mara nyingi ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, kama saa moja kabla. Mimi nina kilo 60, basi 180 zanitosha. Lakini nani awezaye kupima kwa kikombe? Robusta yetu hapa Uganda ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Tena kuna hila ya moyo. Mwaka 1907 Waingereza Rivers na Webber walitoa habari za majaribio yao juu ya kafeini na kazi ya misuli. Rivers alificha ladha ya dawa, ili anayekunywa asijue kama ameipata au la, kwa maana anayejua hujitia bidii. Mimi nilijipima jioni sita, tatu kwa kahawa na tatu bila. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko kosa la kidole cha rafiki yangu juu ya saa, na zaidi ya hayo nilijua ninachokunywa!

Kuhusu sheria, msiogope: kafeini iliondolewa katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni Januari 2004. Hasara yake ni usingizi. Nusu yake hubaki mwilini kwa muda wa saa tano hivi. Anayekunywa saa kumi alasiri bado anayo nusu saa tatu usiku.

Mwaka huu nimeandikishwa tena mita 100. Usiku wa kuamkia siku hiyo nitakunywa uji, na taa ikizimwa nitalala.