Duma, Merzbow na Hizi Kelele: Mbona Kuna Wasee Wanalipia Fujo?

Kama unaishi Gitothua, masikio yako yashazoea noma. Fundi wa mageti anakata chuma saa moja asubuhi, kisiagi kinanguruma, nganya ya Ruiru inapita na spika zimefunguliwa mwisho. Sasa skia hii: kuna mzee huko Japani ameifanya fujo ya aina hiyo kuwa kazi, na watu wananunua.

Anaitwa Masami Akita wa Tokyo, jina la kazi Merzbow. Albamu yake Pulse Demon ilitoka 1996. Hakuna biti, hakuna korasi, hakuna anayeimba. Ni mngurumo na milio tu, zaidi ya saa moja.

Anafanyaje? Ushawahi kuwa kanisani mtu akapeleka maiki karibu na spika, ikapiga ile filimbi ya kutoboa masikio? Maiki inaskia spika, spika inarudishia maiki, sauti inajizungusha mpaka inalia. Hiyo ajali ndiyo Akita anageuza chombo. Miaka hiyo ya tisini hakuwa anatumia laptopu. Sauti ikitoka kwa mikseri anairudisha ndani, anaipitisha kwa pedali za gita ziichafue zaidi. Akizungusha kinobu kidogo tu, mlio wote unahama. Kuirudia vile vile kesho ni ngumu, na mimi naona hapo ndipo utamu uko.

Na usiseme ni mambo ya Wajapani. Agosti 2020 wasee wawili wa Nairobi, Martin Khanja (siku hizi Lord Spikeheart) na Sam Karugu, walitoa albamu inaitwa Duma, jina la bendi yao, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si yule mnyama. Ni giza, kwa Kikuyu. Hawa wana ngoma, tena za mbio kuliko moyo wako, gita limekwaruzwa, na Khanja juu yake anapiga nduru kama ameona jini. Wamepiga shoo Ulaya na watu wakajaa, lakini huku mtaani ukitaja Duma msee anakuuliza kama ulienda Mara. Hiyo huniuma.

Ukitaka kujaribu, anza na "Lionsblood" ya Duma, ina kitu cha kushikilia. Pulse Demon ifuate baadaye, dakika tano tano. Na sauti weka chini kwanza, manze, masikio hayana spea Kirinyaga Road.