Chambo Kisicholiwa: Sayansi ya Mshipi Unaokokotwa Ziwani

Katika soko la Tabora, dagaa na migebuka wakavu hutoka magharibi, upande wa Kigoma. Reli iliyofika huko mwaka 1914 yafuata kwa kiasi kikubwa njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora hadi Ujiji. Hata maji yaelekea huko: mito ya Igombe na Ugalla humwagika katika Malagarasi, nao Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika.

Miongoni mwa njia za kuvua ziwani humo ni kukokota mshipi nyuma ya mashua ndogo yenye injini. Mwishoni mwa mshipi hapana chakula, bali kipande cha bati king'aacho chenye ndoana. Kwa nini samaki aume kitu kisicholika?

*Jicho na ubavu*

Jibu limo katika mwili wa dagaa. Ngozi na magamba yake yana fuwele za guanini, ambazo huakisi nuru kama vioo vidogo. Dagaa aogeleapo wima, vioo hivyo humficha. Akigeuka ghafula au akijeruhiwa, humemetuka. Kwa mgebuka na sangala, ambao huwinda kwa macho, mmemetuko huo ni ishara ya windo jepesi. Bati linalopinduka majini laiga ishara hiyo. Aidha, hutikisa maji, na samaki huhisi mtikisiko huo kwa mstari wa hisi ulio ubavuni mwake.

*Mwendo na kina*

Chambo kizuri hakifai kitu kikipita mahali pasipo samaki. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni hukoma kati ya mita 100 na 250 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi. Tena dagaa hushuka mchana na kupanda usiku wakifuata viumbe vidogo wanavyovila, na wawindaji wao huwafuata.

Mvuvi hana budi kupima kina. Mshipi ulionyooka wa mita 40 ukifanya pembe ya digrii 30 na uso wa maji, ncha yake iko mita 20 chini. Pembe ikipungua kuwa digrii 15, kina huwa takriban mita 10 tu. Mwendo wa mashua ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa maji huongezeka kama mara nne, na mshipi huinuka. Ndiyo sababu mvuvi hupunguza mwendo au huongeza risasi.

*Akiba ya ziwa*

Mshipi huvua samaki mmoja mmoja. Nyavu za taa, zinazovua dagaa usiku, huchukua pia migebuka wachanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto la maji ya juu limepunguza mchanganyiko unaopandisha virutubisho kutoka vilindini. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Bila samaki wachanga kukua, hata chambo stadi kitarudi kitupu, na meza za soko la Tabora vilevile.

*Jaribio*

Mwanafunzi afunge kijiko kilichokatwa mpini kwenye uzi, akikokote katika karai la maji, kwanza polepole, kisha upesi. Achunguze pembe ya uzi na jinsi kijiko kinavyomemetuka, halafu aeleze ni mwendo upi ungefaa alfajiri, na upi adhuhuri.