Pumba Tunayoitupa na Afya ya Utumbo Wetu



Sokoni, unga wa mahindi tunaununua kwa macho. Ule mweupe kabisa, laini kama poda ya mtoto, ndio unaosifiwa na ndio wenye bei. Ule wenye vidoa vya pumba tunasema ni unga wa shida, na mgeni akifika tunaona haya kumpikia. Mashini inakoboa, pumba inaingia katika gunia lake, wafugaji wa nguruwe na kuku wanaibeba. Juma hili tunataka kuongea juu ya gunia hilo la pumba, maana lina uhusiano na ugonjwa ambao wanawake wengi hawapendi kuutaja: kansa ya utumbo mpana.

Ni ugonjwa gani?

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya safari ya chakula mwilini. Humo maji yanafyonzwa na mabaki yanakuwa kinyesi. Kwenye ukuta wake wa ndani vinaweza kuota vinyama vidogo. Vingi havina madhara, lakini kimoja kinaweza kubadilika polepole, kwa muda wa miaka 10 hivi au zaidi, mpaka kiwe kansa. Muda huo mrefu ni nafasi yetu. Yako mambo ya kufanya mapema jikoni, na ziko dalili za kutambua kabla hali haijaharibika.

Mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na kansa hii, na zaidi ya 900,000 walikufa kwa sababu yake. Kwa wanawake ni moja ya kansa tatu zinazowapata wengi zaidi duniani, pamoja na ile ya matiti na ile ya mapafu. Kwetu Afrika ya kati bado wagonjwa ni wachache kuliko Ulaya na Marekani. Lakini daftari za kansa za Kampala na Harare zinaonyesha kwamba katika miji hiyo imekuwa ikiongezeka mwaka hata mwaka. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

Punje nzima ina nini?

Tuchukue punje moja ya hindi. Nje kuna ganda, ndilo linalotoa pumba. Pembeni kuna kiini, kile ambacho kingeota mche kama tungeipanda. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga mweupe. Ganda limejaa nyuzinyuzi. Kiini kina mafuta mazuri na vitamini. Tukikoboa, tunaondoa ganda na kiini, tunabaki na wanga. Tumbo linashiba, lakini sehemu kubwa ya ulinzi imekwenda kwa nguruwe.

Gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa zina nyuzinyuzi karibu gramu 7. Ukikobolewa na kuchekechwa vizuri, zinabaki karibu nusu au pungufu. Kwa ngano tofauti ni kubwa zaidi: unga wa punje nzima una zaidi ya gramu 10, na ule mweupe wa mikate yetu una gramu 3 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku.

Watafiti wameona nini?

Habari hii ilianzia karibu na kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko miaka mingi, hasa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake. Akalinganisha vyakula: huku watu walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, kule walikula mikate myeupe na sukari. Mwaka 1971 aliandika wazi kwamba upungufu wa nyuzinyuzi unaweza kuwa sababu moja ya kansa ya utumbo mpana. Hilo lilikuwa wazo, halikuwa bado ushahidi. Wengine walilichukua wakaanza kulipima.

Kipimo kimoja kikubwa kilifanywa kwa wanawake peke yao, nchini Uswidi. Wanawake karibu 61,000 waliulizwa wanakula nini, kisha wakafuatiliwa kwa karibu miaka 15. Katika muda huo, 805 walipata kansa ya utumbo mpana au ya sehemu yake ya mwisho, karibu na njia ya haja kubwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Wale waliokula nafaka nzima mara nne na nusu au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kansa ya utumbo mpana iliyo ndogo kwa karibu theluthi moja, kuliko wale waliokula chini ya mara moja na nusu. Kwa ile sehemu ya mwisho, tofauti haikuonekana wazi.

Mama anaweza kuuliza: hao wanakula mikate ya Ulaya, sisi tunakula bugali, yanatuhusu nini? Ni swali zuri. Kwanza, huko Uswidi hawakuwa peke yao. Watafiti walipoziweka pamoja tafiti nyingi za nchi mbalimbali, za wanaume na wanawake, waliona kwamba gramu 90 za vyakula vya nafaka nzima kila siku zinaenda pamoja na hatari ndogo kwa asilimia 17. Gramu 90 ni kama vipande vitatu vya mkate wa punje nzima. Mama anayekula bugali wa unga usiokobolewa anazifikia kwa mlo mmoja.

Pili, kuna jaribio lililowahusu Waafrika wenyewe, lililotangazwa mwaka 2015. Watu 20 wa vijijini Afrika Kusini na Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh walibadilishana vyakula kwa majuma mawili. Wamarekani walipewa chakula cha kijijini, chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Wanakijiji walipewa nyama na mafuta mengi, na nyuzinyuzi chache. Majuma mawili tu! Utumbo wa Wamarekani ulionyesha uvimbe kidogo kuliko mwanzo, na ule wa wanakijiji ulianza kuonyesha dalili zinazohusiana na kansa. Hawakupata kansa, lakini mwili ulionyesha upande unaoelekea. Familia inayohama kijiji kwenda mjini nayo inabadilisha chakula namna hiyo hiyo, ila haibadilishi kwa majuma mawili. Inabadilisha kwa maisha yote.

Pumba inafanya kazi gani tumboni?

Nyuzinyuzi hazisagwi na tumbo, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima. Huko zinafanya kazi mbili. Zinavuta maji na kukifanya kinyesi kiwe laini na kingi, kipite upesi, ili mabaki mabaya yasikae muda mrefu yakigusa ukuta wa utumbo. Tena ni chakula cha vijidudu vyema vinavyoishi humo. Vijidudu hivyo vinazichachusha, vinatoa asidi ambayo chembe za ukuta wa utumbo zinaitumia kama chakula chake na ambayo inapunguza uvimbe. Kwa maneno mengine, tukila pumba tunawalisha walinzi wetu.

Tuanzie wapi jikoni?

Hakuna haja ya vyakula vya pakiti vya duka kubwa. Tunavyovihitaji viko sokoni kwetu.

Nunua mahindi ya punje, uyachague, uyapeleke kwenye mashini na kusema: "Saga bila kukoboa." Faida ya kwanza utaiona kwenye beseni: karibu kila kilo uliyopeleka inarudi kuwa unga. Ukikoboa, kilo kadhaa zinabaki pale. Kwa nyumba yenye watoto saba, hiyo si hesabu ndogo.

Familia ikikataa, usigombane nayo. Anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu na unga mweupe, kisha ongeza polepole juma kwa juma. Tumia chekecheke lenye matundu makubwa, lile laini liache. Hata tumbo linapenda mwendo huo, maana nyuzinyuzi zikija nyingi kwa ghafla zinaleta gesi. Na kunyweni maji ya kutosha, la sivyo kinyesi kinaweza kukauka badala ya kulainika.

Asubuhi, badala ya chai na mkate mweupe kila siku, uji wa mtama, wa ulezi, au wa mchanganyiko wa mahindi, mtama na soya unatosha kabisa. Loweka nafaka usiku kucha au uziache ziote kidogo kabla ya kuzikausha na kuzisaga. Hapo mwili unapata madini ya chuma kwa urahisi zaidi. Mahindi ya kuchemsha au ya kuchoma ni nafaka nzima, na mahindi yaliyopikwa pamoja na maharagi ni bora zaidi. Maharagi, sombe, lengalenga na matunda yana nyuzinyuzi pia. Kuhusu mkate, rangi ya kahawia peke yake si ushahidi, maana hata sukari iliyounguzwa inaweza kuutia rangi. Muulize mwokaji anatumia unga gani.

Mambo ya kuangalia sana

Muhogo si nafaka. Tusiseme "chakula kizima" tukaacha kuumenya, kuuloweka na kuukausha jinsi mama zetu walivyotufundisha. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una sumu, nayo inaleta konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaojulikana katika nchi yetu.

Mahindi yenye ukungu tusiyale. Ukungu unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inaleta kansa ya ini, na kupika hakuiondoi. Anayesaga bila kukoboa anatakiwa kuchagua punje kwa uangalifu zaidi, azikaushe juu ya turubai, asizitandaze kwenye udongo, na azihifadhi mbali na unyevu. Tena unga wenye kiini unaharibika upesi kwa sababu ya mafuta yake, kwa hiyo saga wa juma moja au mawili tu.

Pumba ya gunia la mifugo isirudishwe jikoni. Haikuhifadhiwa kwa ajili ya watu. Na mtoto mdogo chini ya miaka miwili ana tumbo dogo: uji wake uwe mwepesi kwa nyuzinyuzi na mzito kwa chakula chenye nguvu, kama karanga iliyosagwa, samaki wadogo au yai.

Jambo lingine: nafaka nzima inapunguza hatari, haifungi mlango. Pombe, iwe ya chupa, kasiksi au kanyanga, inaongeza hatari. Tumbaku, unene uliozidi na kukaa bila kutembea vinaongeza pia. Nyama za kusindikwa kama soseji, gramu 50 tu kila siku, zinaongeza hatari kwa asilimia 18. Wengine wanaugua hata kama walikula vizuri maisha yao yote, hasa kama baba, mama au ndugu aliugua. Mgonjwa asiambiwe kwamba amejiletea. Na asiachiwe pumba kama dawa. Pumba haiponyeshi kansa.

Tusifiche dalili

Hapa ndipo wanawake wanapotea. Mama anaona damu kwenye choo, anasema ni bawasiri. Tumbo linamsokota, anasema ni amiba, ananunua vidonge. Anakosa damu mwilini, anasema ni hedhi au ni uzazi mwingi. Mara nyingi ni kweli. Lakini siku ambayo si kweli, miezi inapita.

Nenda kituo cha afya ukiona moja ya haya: damu nyekundu au kinyesi cheusi kama lami, haja kubwa iliyobadilika kwa majuma kadhaa, iwe kuhara, kufunga choo au kinyesi chembamba, maumivu au uvimbe wa tumbo usioisha, kukonda bila sababu, uchovu na upungufu wa damu, hasa kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. Umri wa hatari zaidi ni baada ya miaka 50, lakini vijana nao wanaugua. Kama umekunywa dawa ya amiba na hali imerudi, usinunue tena pale pale. Sema wazi kwa muuguzi: "Ninaona damu," na uombe kuchunguzwa au kutumwa hospitali kubwa. Kansa hii ikipatikana mapema inaweza kukatwa na mtu akapona. Hakuna aibu inayofaa kugharimu uhai wa mama wa watoto.

Tufanye nini pamoja?

Vikundi vyetu vya AVEC vinaweza kununua gunia moja la mahindi makavu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuligawana. Wenye mashini nao watazoea tukienda wengi na ombi moja. Na tuache kumcheka mama anayeweka bugali usio mweupe mbele ya wageni. Tukianza wenyewe kuupika siku za wageni, binti zetu watajua kwamba si chakula cha shida.

Mkutano ujao kila mama alete kikombe kimoja cha unga anaotumia nyumbani. Tutaziweka meza moja, tutazipika, na kila mmoja ataonja. Na yule ambaye amesoma dalili hapo juu akajitambua, asingoje mkutano. Aende kesho asubuhi, na kama anaogopa kwenda peke yake, amwambie mmoja wetu amsindikize.